Bei Isiyoelekezwa

Mtu akitoka Nyahanga kwenda soko la madini la Kahama na kipande cha dhahabu kwenye karatasi, bei yake anaijua kabla hajafika. Tume ya Madini hutangaza bei elekezi, na bei hiyo hufuata ya soko la dunia. Kinachobaki dirishani ni mizani na kipimo cha usafi. Mkulima wa Ushetu anayeswaga ng'ombe wavute mkokoteni wa pamba hadi kwenye chama cha msingi naye haulizi. Bei elekezi ya pamba imeshasomwa redioni, msimu wa ununuzi umefunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, na yeye anangoja zamu yake ya kupimiwa. Mali mbili kubwa za ukanda wetu, moja ya chini ya ardhi na moja ya juu yake, huja na bei iliyokwisha kusemwa na mtu aliye mbali.

Mimi natengeneza batiki na kuiuza. Batiki haina bei elekezi. Hakuna ubao ukutani wala ofisi ninayoweza kuinyooshea kidole nikamwambia mteja kwamba bei haikutoka kwangu. Mteja anashika kitambaa, anakipindua aone kama rangi imepenya upande wa pili, ananitazama usoni, anauliza, “Shilingi ngapi?” Jibu lazima litoke kinywani mwangu, na nimejifunza kuchanganya rangi kwa muda mfupi kuliko nilivyojifunza kulijibu swali hilo.

Kazi inaanza kwa kuua wanga. Bafta inapotoka dukani imepakwa wanga ili ing'ae na ionekane nzito kuliko ilivyo, na rangi haipiti kwenye wanga. Naichemsha kwa sabuni na magadi mpaka povu ligeuke kuwa zito na la kijivu, naisuuza, naianika. Ikikauka inakuwa laini na ya kawaida, imepoteza ule mng'ao uliomfanya mwenye duka aisifu. Hapo ndipo naanza kuiamini.

Kisha nta. Kwenye sufuria nachanganya mshumaa na nta ya nyuki, na hapa kuna uamuzi ambao mteja hatauona ila utakaa mbele ya macho yake maisha yote ya nguo. Mshumaa ukipoa huwa mkavu na huvunjika. Nta ya nyuki hunyumbulika. Anayetaka nyufa nyingi, ile mishipa myembamba inayotambaa juu ya ua, anazidisha mshumaa. Anayetaka ua safi anazidisha nta ya nyuki. Nta yangu inatoka kwenye misitu ya miombo, upande wa Ushetu na Tabora, kwa watu ambao bado wanatundika mizinga ya magome juu ya miti. Inakuja na vumbi na mabawa ya nyuki ndani yake, na sufuria ikishika moto uani kote kunanukia asali.

Muhuri wangu ni sponji ya godoro, nimeikata kwa wembe na kuigundisha kwenye kipande cha ubao chenye mshikio. Naichovya kwenye nta, naikung'utia ukingoni mwa sufuria, nagonga. Nta ikiwa ya moto sana inatapakaa, ua linakuwa doa. Ikipoa kidogo tu inakaa juu ya kitambaa kama ukoko mweupe, na rangi itapita chini yake bila hata kubisha hodi. Nta iliyo sawa huzama, kitambaa kikawa kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta, mwanga ukipita. Kwa hiyo mkono wa kulia unagonga, wa kushoto unapunguza au kuongeza mkaa, na macho yanatafuta ule mng'ao wa mafuta. Mtu akinisalimia katikati ya kazi hiyo, namjibu baadaye, na jirani zangu wameshazoea.

Halafu beseni la rangi. Kostiki soda inatiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye kostiki, maana itakurukia. Inafuata haidrosalfaiti, inafuata rangi. Ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii ni kwamba rangi iliyomo kwenye beseni siyo rangi itakayovaliwa. Ile dawa imeondoa hewa, na rangi imefichama. Unakitoa kitambaa, unakitundika kwenye kamba, na hewa ya Nyahanga, yenye vumbi la barabara na moshi wa majiko ya majirani, inaanza kukigeuza mbele ya macho yako. Nimeifanya kazi hii mamia ya mara na bado nasimama kuangalia. Watoto wa nyumba ya pili nao husimama. Hakuna anayesema kitu mpaka rangi iishe kugeuka.

Baada ya hapo ni kuchemsha tena ili nta itoke, kuikusanya juu ya maji kwa kijiko ili itumike siku nyingine, kusuuza, kuanika kivulini, kupiga pasi. Batiki ya rangi mbili hupitia nta mara mbili na beseni mara mbili. Kiangazi, Julai na Agosti, nachukua siku mbili, nikipambana na vumbi. Mvua zikianza Novemba sisemi siku ngapi. Mteja akinishika mkono niahidi, namwahidi wiki, kisha namwomba Mungu jua.

*

Sasa piga hesabu ya hayo yote uyape bei.

Mwanzoni nilihesabu vitu vilivyoniachia risiti tu. Bafta, rangi, kostiki, mshumaa, mkaa, madumu ya maji. Nikijumlisha nikaongeza kidogo juu yake, kile kidogo nikakiita faida. Siku nzima niliyoikalia sponji moja na wembe haikuwa na risiti. Vitambaa vitatu vilivyoharibika kabla sijakipata kimoja havikuwa na risiti. Mgongo haukuwa na risiti.

Kwaya moja iliniagiza sare, vitambaa 30 vya rangi moja. Niliwatajia bei ya woga, wakakubali haraka mno, na mwenye kuuza akikubaliwa haraka hivyo anajua moyoni kwamba amekosea. Beseni langu halikuweza kumeza vitambaa 30 kwa mara moja. Nikatia rangi kwa mafungu mawili, kila fungu na maji yake, na kwa macho ya jioni niliona yako sawa. Jumapili walipopanga mstari mbele ya kanisa, nusu walikuwa bluu ya usiku na nusu bluu ya alfajiri. Mwalimu wa kwaya hakunikemea. Alinipigia simu, akaniita mama, akaniuliza kwa upole kama kuna linaloweza kufanyika. Nilivirudisha vyote kwenye beseni kwa gharama yangu. Nilipomaliza nilikaa uani nikahesabu, na nikakuta nimefanya kazi karibu wiki tano, na mimi ndiye niliyewalipa.

Sikulia kwa sababu ya fedha. Nililia kwa sababu nilitambua kwamba nilikuwa nimejifunza kila kitu cha batiki isipokuwa kuamini kwamba inafaa kulipwa. Hilo sikuzaliwa nalo peke yangu. Nimekulia mahali ambapo mtu mzima, mwenye jembe, mwenye ng'ombe, mwenye heshima kijijini, anasimama mbele ya mizani akiwa kimya. Bei ni kitu cha kungoja. Aliyezoea kungojea bei, akiulizwa yeye, ulimi unakauka.

Wazee wetu walishaliona. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, Paul Bomani akiwa kiongozi, na chanzo cha vuguvugu lile ni jambo dogo ambalo kila mkulima alilielewa: mizani ya mnunuzi ilikuwa inadanganya. Waliweka watu wao kusoma mizani. Sikusoma habari hii shuleni kwa makini, nilikuja kuitafuta nikiwa mtu mzima mwenye deni la kostiki. Walianza na mizani kwanza, mengine yakafuata, na mimi nikaona kwamba hata sijaanza na mizani yangu.

*

Kahama ni mji wa mgodi, na fedha ya mgodi haiji kama mshahara wa mwalimu. Huja kama mvua. Wachimbaji wadogo husema mgodi umetema, na ukitema, wanaume wanaingia mjini na kununua bila kuuliza. Nimewahi kuuza vitambaa sita kwa kijana mmoja aliyekuwa bado na udongo wa shimo la mgodi kwenye nywele. Alisema kimoja ni cha mama yake na vingine atajua njiani. Kisha miezi mitatu hakuna. Na migodi mikubwa nayo ina pumzi yake. Buzwagi ilianza uzalishaji 2009, ikafungwa 2021, na katika mtaa wetu kufungwa kwake tulikusoma kwenye vyumba vya kupanga vilivyobaki wazi, na mimi nilikusoma kwenye daftari la oda: wale akina mama waliokuwa wakiniagizia batiki za sherehe za kumuaga bi harusi walihama mmoja mmoja na waume zao, kwenda Geita, kwenda Mara, kwenda kwao.

Mwenye kunilisha ni mteja wa kawaida. Ni mwalimu, muuguzi, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetaka wafanane siku ya kugawana. Ni dereva wa lori la kwenda Kigali au Goma anayelala Kahama usiku mmoja na kumkumbuka mkewe. Hawa huuliza bei, na wana haki ya kuuliza.

“Dada, kitenge cha wax dukani nakipata kwa nusu ya hiyo.”

Ni kweli. Zamani nilijibu kwa kukisema vibaya kitenge cha dukani, kwamba kinachuja, kwamba ni chapa ya mashine, hakina roho. Nimeacha. Kitenge kile kimewavika mama zangu, kimebeba wadogo zangu mgongoni, na siwezi kukitukana ili nile. Tena nimekuja kujua kilikotoka.

Kilitoka kwenye sufuria ya nta, kama cha kwangu. Katika kisiwa cha Java watu walikuwa wakiandika kwa nta juu ya kitambaa kwa mkono karne nyingi, kazi ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa binadamu. Waholanzi waliokuwa wakiitawala Java waliona soko. Katika mji wa Helmond, mwaka 1846, ilianzishwa kampuni ambayo leo inaitwa Vlisco, na Waholanzi wakatafuta namna ya kuiga kazi ya mkono kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe kwa bei ya chini. Mashine ikafanya kila kitu vizuri isipokuwa jambo moja: ile gundi iliyochukua nafasi ya nta ilipasuka, ikaacha mishipa. Wajava hawakuipenda, kwao ufa usiotakiwa ulikuwa dalili ya mkono mzembe. Afrika Magharibi wakaipenda, maana kila kipande kilikuwa na mishipa yake, hakuna kilichofanana na mwenzake. Kutoka huko kikasambaa, kikafika kwetu, nasi tukakiita wax, jina la nta.

Nilipolijua hili nilianza kumwonyesha mteja. Namwomba anipe kitenge alichojifunga, naweka kidole kwenye ile mistari myembamba inayokatiza ua. “Hizi unazijua ni nini?” Wengi husema ni urembo. Nachukua kitambaa changu chenye nta bado, nakikunja mbele yake, anasikia nta inavyolia ikivunjika. Kisha namwonyesha kilichokwisha kutiwa rangi. Anatazama kimoja, anatazama kingine. Siyo wote wanaonunua baada ya hapo, lakini hakuna hata mmoja ambaye ameniambia tena kwamba ni kitambaa tu.

Hata kanga ilipita mkononi. Zile za kwanza za Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, ziligongwa kwa mihuri ya mbao, mtu ameinama juu ya kitambaa kama nilivyoinama mimi. Baadaye wafanyabiashara, miongoni mwao Kaderdina Hajee Essak aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, wakaagiza zichapwe ng'ambo, Ulaya na Asia, na muhuri ukaondoka Pwani. Mji wa kanga, pindo lake, jina lake, vyote vimebaki. Aliyekuwa ameinama hatujui jina lake.

*

Jambo linaloniumiza zaidi sijalisema.

Nakaa katikati ya nchi ya pamba. Mwezi wa sita ukipanda basi kutoka Kahama kwenda Shinyanga utaona nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba kando ya barabara, zimedondoka kwenye mikokoteni na malori. Na bafta ninayochapa nainunua dukani ikiwa imefungwa jora, imesafiri safari ambayo siwezi kuihesabu. Sehemu kubwa ya pamba yetu hutolewa mbegu hapa, hufungwa marobota, huondoka. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilijengwa Mwanza ili jambo hili libadilike, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mama yangu alikuwa na shuka la Mwatex ambalo tulilala watoto wanne chini yake, na halikuisha mpaka tulipoisha nyumbani.

Nyuma zaidi ya hapo, Unyamwezi walikuwa wakisokota na kufuma pamba yao wenyewe. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 na 1858 aliziona mashine zao za kufumia na kuziandika. Wapagazi hawa hawa wa Unyamwezi, waliobeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo, walirudi na majora ya kitambaa kigumu cha pamba kutoka Marekani, kilicholetwa Unguja na merikebu za bandari ya Salem ya huko, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Kiliitwa marikani. Kilikuwa fedha, kilikuwa ushuru wa kupita kwa mtemi, kilikuwa mahari. Mfumaji wa kijijini hakukishinda. Na mpaka leo wapo wazee wanaoingia dukani Kahama, katikati ya mashamba ya pamba, wakaomba marikani.

Kwenye Ngao ya Taifa, chini ya miguu ya mwanamume pamechorwa mkarafuu, na chini ya miguu ya mwanamke pamechorwa mpamba. Sehemu ya juu ya ngao ni ya rangi ya dhahabu, kwa ajili ya madini. Siku nilipopewa cheti cha mafunzo ya ujasiriamali chenye ngao hiyo niliitazama muda mrefu kuliko jina langu. Yule mwanamke amesimama penye vyote viwili, dhahabu juu na pamba chini. Nilimwonea wivu kwa sababu amevaa nguo, na sijui nani aliyeifuma.

Ndipo nilipoamua kukata muhuri wa tumba la pamba. Nilikuwa nimechapa maua ya vitabu, samaki niliojifunza kwa mama mmoja wa Mwanza, miduara na vishale. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha hapa. Nikasema ikiwa kitambaa hakitoki hapa, basi alama iliyo juu yake itoke hapa. Nilichora tumba lililopasuka, duara lenye vyumba sita vinavyotazamana, nyeupe ndani, pembeni majani matatu. Likauzika. Wengine waliliita ua, wengine nyota, nami sikuwasahihisha, maana walikuwa wananunua.

Na likaibwa, kama neno hilo linafaa. Mteja alipiga picha sampuli kwa simu, akasema atarudi. Miezi miwili baadaye nikiwa kwenye harusi nikaona vitambaa kumi na mbili vyenye tumba langu, vyumba sita, majani matatu, kwa kijani ambayo nisingeichagua. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inazitambua hata sanaa za mikono, na nawashauri wenzangu wasajili michoro yao, mimi nimeanza. Lakini usiku ule nilikumbuka samaki wa mama wa Mwanza. Sikumwomba ruhusa. Nilimtazama akigonga, nikaenda nyumbani nikakata wangu. Tofauti kati ya kujifunza na kuchukua sijaimaliza kuifikiri. Nadhani inahusiana na kama unarudi kusema. Mwaka uliofuata nilikwenda Mwanza na kitenge mkononi, nikamwambia. Alicheka, akaniambia samaki wake aliwatoa kwa mtawa aliyemfundisha, naye mtawa sijui kwa nani.

*

Kwenye hesabu yangu ya sasa mna shimo. Namaanisha shimo la kweli, nililochimba mbali na kisima, la kumwagia maji ya rangi. Mwaka wa kwanza niliyamwaga mtaroni kama kila mtu anavyomwaga ya kufulia, na nilifanya kazi bila glovu, kostiki ikila vidole. Kisha nikaenda na mteja kwenye mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu nje ya mji, nikawaona vijana wakifinyanga zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, wakipiga soga, na bata wakinywa maji pembeni. Nilitaka kuwaambia. Nikatazama vidole vyangu, nikanyamaza. Niliporudi nikanunua glovu na kuchimba shimo. Vyote viwili viko kwenye bei. Mteja anapolipa elfu ishirini na tano, ndani yake mna maji safi ya jirani yangu, ingawa sijapata namna nzuri ya kulieleza hilo pale mezani.

Elfu ishirini na tano. Nimeifikia polepole. Nilikuwa nikiitaja nikitazama chini, nikiifuata mara moja na maneno, “lakini tutaelewana.” Mwanamke mmoja muuza dagaa, mteja wangu wa siku nyingi, ndiye aliyeniponya. Aliniambia, “Mama, ukitaja bei, funga mdomo. Ukiendelea kusema unajipunguzia mwenyewe kabla sijakuomba.” Tangu siku hiyo naitaja na kunyamaza. Ukimya ule ni mgumu kuliko kostiki.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, baba alikuja kutoka Ushetu kutibiwa macho. Amelima pamba tangu kabla sijazaliwa. Mgongo wake umekunjika kwa kuchuma. Alikaa uani kwenye kigoda, nami nikaendelea na kazi. Kwa kuwa macho yalikuwa yamefungwa bandeji, alinyoosha mkono akauomba muhuri, akaupapasa.

“Hili tunda gani, mayu?”

“Pamba, baba. Tumba lililopasuka.”

Akapitisha kidole taratibu, chumba kwa chumba. Akarudia.

“Lina vyumba sita.”

“Ndiyo.”

“Pamba yetu ina vinne. Vitano, mwaka wa mvua nzuri. Cha sita sijapata kukiona.”

Nilikuwa nimeweka sita kwa sababu sita hugawa duara bila taabu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewauzia wanawake waliokua wakichuma pamba tumba ambalo halijapata kuota katika shamba lolote, ndiyo maana wakaliita ua. Nikachukua kipande kipya cha sponji na wembe. Baba akanielekeza kwa kidole juu ya kiganja changu jinsi vyumba vinavyoachana, kwamba havifunguki sawa, kimoja hutangulia, kimoja hubaki kimebana kama mtoto mwenye haya, na kwamba pamba ya chumba kilichobana ndiyo inayochoma vidole kwenye kuchuma. Nilikata vinne, kimoja kidogo. Nikaugonga muhuri huo kwenye kitambaa cha bafta, nikakitia rangi, nikakianika karibu naye ingawa hakuweza kukiona kikigeuka. Alikisikia kikidondoka maji.

“Hiki unauza kiasi gani?”

“Elfu ishirini na tano.”

Nikafunga mdomo. Alikaa kimya, midomo ikitembea. Nilijua anachokifanya, anabadilisha kuwa kilo.

“Kilo ishirini na ushei,” alisema. “Karibu siku nzima ya kuchuma.” Kisha, “Nani amekupangia?”

“Nimepanga mwenyewe.”

“Na wakikataa?”

“Wanakwenda, baba. Wengine wanarudi.”

Akageuza uso kuelekea ilikokuwa kamba, kana kwamba anaona. Bandeji ilikuwa nyeupe kwenye uso wake mweusi, na upepo ulikuwa unakirudisha kitambaa kwenye goti lake.

“Hebu itaje tena,” alisema.

Nikaitaja.